“Get” si “pata” tu: kitenzi kidogo kinachowasumbua wanaojifunza Kiingereza

Kila baada ya muda huzuka ubishi mitandaoni kuhusu neno la Kiingereza lenye maana nyingi kuliko mengine yote. Huyu ataandika kwamba ni “set”, lenye maana 430. Yule atamjibu kwamba hizo ni habari za zamani, siku hizi bingwa ni “run”, lenye maana 645. Wote wawili wana pa kushika. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, lililotoka mwaka 1989, “set” ndilo lililokuwa na maelezo marefu kuliko maneno yote. Wahariri walipoanza kuipitia upya kamusi hiyo, “make” likalipita mwaka 2000, “put” likachukua nafasi mwaka 2007, na kufikia mwaka 2011 “run” lilikuwa limeyaacha yote nyuma. Mhariri aliyelishughulikia, Peter Gilliver, alitumia miezi tisa kwa kitenzi hicho kimoja.

Ubishi huo unachangamsha, ila haumfai sana anayejifunza lugha. Hakuna Mwingereza anayetembea na maana 645 kichwani. Hesabu hizo ni za watunga kamusi, na kazi ya mtunga kamusi ni kupasua: kukimbia kwa mtu aweke huku, kwa mto aweke kule, kwa injini pengine. Mmoja huona maana moja pale mwenzake anapoona tatu. Tena ukimuuliza mwanafunzi ni kitenzi kipi cha Kiingereza kinachomkosesha raha, huenda asitaje “set” wala “run”. Atakutajia “get”.

Hana kosa. “I’ll get you some water” ni ukarimu: nitakuletea maji. “I’ll get you for this” ni kitisho: utanitambua. “I get you” ni nakuelewa. “I’ve got you” husemwa na anayemshika mwenzake asianguke, au na rafiki anayekuhakikishia kwamba yupo nyuma yako. “Get out of here!” huweza kuwa amri ya kumfukuza mtu, na huweza pia kuwa furaha ya mtu aliyesikia habari njema kupita kiasi, kama sisi tunavyosema “Acha utani!” Na anayetafsiri neno kwa neno ataishia kumwandikia mgonjwa “pata kisima upesi”, maana “well” iliyo katika “get well soon” ni hali ya kuwa na afya, lakini likiwa nomino neno hilo hilo ni kisima.

Tuelewane kwanza juu ya maneno matatu. Nikisema maana ya msingi, nakusudia ile picha moja iliyolala chini ya matumizi mengi ya neno, hata pale matumizi hayo yanapoonekana hayana undugu. Nikisema kitenzi chenye mkia, nakusudia kitenzi kilichofuatwa na neno dogo kama “up”, “off” au “over”, vikashirikiana kuzaa maana mpya. Na nahau ni fungu la maneno ambalo huwezi kuipata maana yake kwa kujumlisha maana za maneno yaliyomo.

Vitenzi vyenye maana nyingi namna hii si vigeni kwetu. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga kura, tunapiga magoti, tunapiga chafya, serikali inapiga marufuku na mwenye hofu anapiga moyo konde, na katika yote hayo hakuna aliyeumia. “Pata” nalo lina vituko vyake. Kisu kikali kinapata. Yapata saa tatu sasa. Nimepata kusikia habari zake. Mwezi umepatwa. Mgeni akituuliza “pata” maana yake nini, tutaanza kwa kujiamini na “kuwa na kitu ambacho hukuwa nacho”, halafu atatuuliza kuhusu kile kisu na maelezo yatatufia mdomoni. Hata hivyo hakuna mtoto aliyekalishwa chini akakaririshwa orodha ya maana za “pata”. Alisikia, akashika picha, akaendelea na maisha yake.

Kwa hiyo dhana ya kwanza ya kuiweka kando ni ile ya orodha. Kukariri maana arobaini za “get” ni kazi ya kuchosha na haizai matunda, kwa sababu siku ya kuzungumza hakuna nafasi ya kupekua orodha.

Dhana ya pili ina madhara zaidi, nayo ni ile ya kwamba “get” ni “pata”. Ulinganifu huo ni kweli mahali fulani na ni uongo mahali pengi, na kwa sababu ndio wa kwanza kufundishwa, huganda. Mtu akishaushika, kila “get” anayokutana nayo anailazimisha iingie kwenye “pata”, na inapokataa anaona Kiingereza ndicho chenye wazimu.

Maana ya msingi ya “get”, kwa maoni yangu, ni kuvuka kizingiti. Chukua “have” na “be” kuwa vitenzi vya mtu aliyekwisha kuwa ndani ya chumba: ana kitu, yupo mahali, yumo katika hali fulani. “Get” ni ile hatua ya kuingia. “Have a job” ni kuwa na kazi, “get a job” ni kuingia katika kuwa nayo. “Be at home” ni kuwepo nyumbani, “get home” ni kufika. “Be angry” ni kuwa na hasira, “get angry” ni kukasirika. “Be married” ni kuwa ndani ya ndoa, “get married” ni kuoa au kuolewa. “Know someone” ni kumjua mtu, “get to know someone” ni safari ya kufikia kumjua. Kitu, mahali, hali, ndoa, ujuzi: kinachobadilika ni chumba unachoingia, lakini hatua ni ile ile. “Pata” ya Kiswahili inavuka mlango mmoja tu kati ya hiyo, ule wa vitu, pamoja na nyufa chache za jirani.

Mlango wa hali ndio unaotutega zaidi, na sababu yake ni nzuri kuielewa. Kiswahili kina vitenzi kamili vya kuingia katika hali: kuzeeka, kuchoka, kukasirika, kulewa, kunenepa, kupoa. Mabadiliko yamo ndani ya kitenzi chenyewe. Kiingereza mara nyingi hakina kitenzi cha namna hiyo, au kinacho lakini watu hawakitumii sana, basi huchukua sifa na kuitanguliza “get”: “get old”, “get tired”, “get angry”, “get drunk”, “get fat”, “get cold”. Giza likiingia, “it’s getting dark”. Hali ikizidi kuharibika, “it’s getting worse”. Hapa “pata” haina kazi yoyote. Ukitaka kujua “get” imefanya nini, tafuta kitenzi cha Kiswahili kilichoimeza sifa hiyo.

Kosa la upande wa pili halisemwi sana, kwa kuwa sentensi inayotoka huwa ni Kiingereza safi. Mtu anataka kusema, “Alipoiona barua ile alikasirika.” Anaandika, “When he saw the letter, he was angry.” Sarufi haina doa, lakini ule mgeuko umefifia, msomaji anaiona hasira tayari ipo chumbani, haioni ikiingia. “He got angry” ndiyo inayoonyesha kwamba alikuwa mtulivu, akaisoma, akabadilika. Anayekwepa “get” kwa kuiogopa huandika Kiingereza kilichosimama, kisicho na matukio.

Mlango wa vitu nao ni mpana kuliko tunavyodhani. Ndani yake mna kupokea (“get a letter”), kununua (“get a new phone”), kuleta (“get me a chair”), na kushikwa na maradhi (“get a cold”), jambo ambalo hata Kiswahili hulikubali tunaposema fulani amepata homa. Kuna tawi moja linaloshangaza wengi: hodi inapigwa, mtu anamwambia mwenzake, “Can you get the door?” Hamwombi aubebe mlango. Anamwomba auwahi, akaufungue. Simu ikilia, “get the phone” ni ipokee. Bili ikiletwa mezani, “I’ll get it” ni mimi nitalipa. Kuna jambo linalomsubiri mtu yeyote alidake, na wewe unaambiwa, au unajitolea, kulidaka.

Mlango wa mahali ni mwepesi. “How do I get there?” ni nitafikaje huko. Angalizo ni moja: “get to London”, “get to work”, lakini “get home”, “get here”, “get there” bila “to”.

Kisha kuna kuelewa. “I don’t get it” ni sijaelewa. “Get the joke” ni kuunasa mzaha. Wala hatuna sababu ya kushangaa, kwa maana nasi tunamuuliza mtu “umenipata?” tukiwa hatujapotea popote. Wazo nalo ni kitu, na mtu hulidaka au likamponyoka.

Matumizi mawili yanastahili kukaliwa kwa muda mrefu zaidi, kwani hapo ndipo hata waliosoma sana hujikwaa.

La kwanza ni kutendwa. Kiingereza huunda kauli ya kutendwa kwa “be”: “he was paid”, “she was hurt”. Katika mazungumzo, “get” huja mahali pa “be”: “he got paid”, “she got hurt”, “they got caught”. Tofauti ni ile ile ya kizingiti. “The window was broken” inaweza kumaanisha kwamba dirisha lilivunjwa, au kwamba ulipofika ulilikuta bovu. “The window got broken” ni tukio tu: lilikuwa zima, likavunjika. Zaidi ya hapo, “get” hupenda mambo yanayompata mtu, ya heri au ya shari: kulipwa, kupandishwa cheo, kufukuzwa kazi, kuibiwa, kukamatwa. Ndiyo maana ukisema nyumba fulani “got built” mwaka fulani, sentensi husikika kana kwamba ujenzi ulikuwa na mikosi ya kusimulia. Kwa habari kavu ya ujenzi, “was built” inatosha.

La pili ni kusababisha, na hapa mpangilio wa maneno ndio kila kitu. “I cut my hair” ni nilijikata nywele mwenyewe, kwa mkono wangu. “I got my hair cut” ni nilinyolewa, yaani nilihakikisha nywele zimefika katika hali ya kukatwa, na aliyeshika mkasi ni mwingine. Vivyo hivyo “I got the car fixed”: gari lilitengenezwa, mimi niliagiza tu, na pengine nililipa. Ukitaka kumtaja mtendaji, muundo hubadilika na “to” huingia: “I got him to fix the car.” Hapo maana huongezeka ladha, kwa kuwa “get” ya namna hii hudokeza kwamba kulikuwa na kubembeleza, kushawishi, au ujanja kidogo. Linganisha na “I made him fix the car”: huyo alilazimishwa, na “to” imetoweka. Anayechanganya hizo mbili huweza kumsifu mtu kwa ushawishi wakati alitaka kumlaumu kwa mabavu.

Tusiiache bado hii “to”, kwa sababu ina mtego mwingine. “I got to meet her” ni nilipata kukutana naye, nilipewa nafasi hiyo, na hapa “pata” yetu inakaa sawasawa. “I’ve got to meet her” ni jambo tofauti kabisa: sina budi kukutana naye. Moja ni bahati, nyingine ni wajibu, na kinachozitenganisha ni kipande kidogo cha “have” ambacho katika maongezi ya kasi humezwa kisisikike. Mtu akikuambia “I got to go”, sikiliza anachozungumzia: kama ni safari iliyopita, anafurahi kwamba alipata kwenda; kama ameshika begi na yuko mlangoni, anakuaga.

Hiyo inatufikisha kwenye “have got”, fumbo ambalo Kiswahili kinalifumbua vizuri kuliko vitabu vingi vya sarufi. “I’ve got a book” kwa umbo ni tendo lililokamilika, kama “nimepata kitabu”, lakini maana yake ni ya sasa hivi: nina kitabu. Inawezekanaje? Waza juu ya “-me-” yetu. Ukisema “amesimama”, husemi tu kwamba kitendo cha kusimama kimekwisha. Unasema kwamba sasa hivi yuko wima. “Amelala” yuko usingizini. “Ameshiba” tumbo limejaa sasa. “Amevaa kofia” kofia iko kichwani. Kitendo kimekamilika na matokeo yake yapo mbele ya macho yetu. “Have got” ni mantiki hiyo hiyo: aliyekwisha kukipata kitu, anacho. Baadaye Waingereza wakakisahau kile kitendo wakabaki na matokeo.

Na hapa ndipo Waingereza na Wamarekani wanapoachana. Mmarekani husema “I’ve got a car” akimaanisha analo gari, na “I’ve gotten a car” akimaanisha amepata gari. Ana maumbo mawili kwa maana mbili. Mwingereza wa leo kwa kawaida hutumia “got” kwa zote mbili. Wapo wanaosahihisha “gotten” kwa kalamu nyekundu wakidhani ni uharibifu wa Wamarekani. Si hivyo. “Gotten” ilitumika Uingereza kwenyewe. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inamnukuu Hawa alipomzaa Kaini akisema “I have gotten a man from the LORD”. Waliohamia Amerika walikwenda nayo, na waliobaki nyumbani ndio walioiacha polepole, ingawa mpaka leo hakuna Mwingereza anayeona shida kusema “forgotten”.

Hiyo “forgotten” si mfano wa kubahatisha. “Forget” na “get” ni ndugu. Kiingereza cha kale kilikuwa na mzizi huu ndani ya vitenzi vyenye kiambishi, kama vile mababu wa “forget” na “beget”, lakini “get” inayosimama peke yake ililetwa na watu wa Skandinavia, wale Waviking waliovamia kisha wakalowea mashariki na kaskazini mwa Uingereza kuanzia karne ya 9. Kwao neno lilikuwa “geta”. Walileta pia mababu wa “take”, “they”, “egg” na “sky”. Maneno yao hayakuja kama istilahi za wasomi. Yalikuja kupitia ujirani, biashara na ndoa, na ndiyo maana yameingia mpaka kwenye mifupa ya lugha.

Mikia

Mwaka 1755 Samuel Johnson alitoa kamusi yake maarufu mjini London. Katika dibaji alilalamika kwamba kuna kundi la vitenzi, “get” kikiwemo pamoja na “go”, “run”, “put”, “take” na wenzao, ambavyo maana yake ni legevu kiasi kwamba kuifuatilia ni kama kupotea kwenye vichochoro. “Take” peke yake alikipa maana 134. Katika dibaji hiyo hiyo aliongeza kwamba kubadili maana ya kitenzi kwa kukifungia neno dogo nyuma yake ndiko kunakowapa wageni ugumu mkubwa kuliko wote. Anayeteseka na “get over” na “get by” leo ajue kwamba shida yake ilikwisha kutambuliwa na mtu aliyekijua Kiingereza kuliko karibu kila mtu wa zama zake.

Lakini hebu tutazame sisi tunafanyaje. Tunachukua “pata” tunaongeza kitu mwishoni: patia, patana, patikana, patanisha. Kitenzi kinarefuka, maana inageuka. Kiingereza kilipoteza kwa sehemu kubwa uwezo wa kurefusha kitenzi namna hiyo, basi kinachofanywa na viambishi vyetu ndani ya neno, chenyewe hukifanya nje, kwa kupachika “up”, “over”, “along”. Watu wawili wakielewana, sisi twasema wanapatana. Wao husema “they get along”.

Na mikia hiyo haikuokotwa ovyo. Kila mmoja una mwelekeo wake, na mwelekeo huo hubaki hata maana inapoacha mambo ya miguu na kuingia mambo ya moyo. “Over” ni kuvuka kwa juu: “get over a wall” ni kuuruka ukuta, na “get over an illness” ni kupona, maradhi yakiwa ndiyo ukuta. “Get over it” anaambiwa aliyekwama kwenye kinyongo au huzuni. “By” ni kupita pembeni: “get by” ni kupenya kwa tabu, na hivyo kuishi kwa kipato kidogo, kusukuma siku. “Through” ni kupita katikati: “get through an exam” ni kuuvuka mtihani, na “I couldn’t get through” ni simu haikupatikana. “Across” ni ng’ambo: “get the message across” ni kuuvusha ujumbe mpaka umfikie msikilizaji. “Away with” ni kuondoka na kitu: mwizi huondoka na mali, na kwa hiyo “get away with it” ni kufanya kosa bila kuadhibiwa. “At” ni kufikia: “What are you getting at?” ni unataka kufika wapi na maneno haya. “Down” hushusha: “it gets me down” ni linanivunja moyo.

Vyombo vya usafiri vina kanuni yake, ambayo hufundishwa mara chache ingawa ni rahisi. Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, kama basi, treni, meli au ndege, hupandwa kwa “get on” na kushukwa kwa “get off”. Gari dogo, ambalo huingii bila kuinama, ni “get in” na “get out of”. Baiskeli na farasi huenda na “on”, kwa sababu unakaa juu yake.

Mikia ina tatizo moja ambalo picha haiwezi kulimaliza, nalo ni mahali pa kuiweka. “Get over it” ni sahau, songa mbele. “Get it over with” ni limalize jambo hili la kero tupumzike, kama vile kung’olewa jino. Maneno ni karibu yale yale, na aliyefiwa akiambiwa la pili badala ya la kwanza atastaajabu. Ingawa kusema kweli hata hilo la kwanza si la kumwambia aliyefiwa.

Je, ni Kiingereza kibaya?

Walimu wengi wamewaambia wanafunzi wasiandike “get” katika insha, na wanafunzi wakatoka na imani kwamba neno hilo ni la wavivu. Ushauri una punje ya ukweli iliyopakwa chumvi nyingi. Baada ya Wanormani, watu wa Normandi kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na kwa karne kadhaa kikaumwagia Uingereza msamiati wa mahakama, utawala na elimu. “Receive”, “obtain”, “acquire” na “arrive” zina asili ya huko. Mpaka leo maneno hayo yamevaa suti. Katika barua ya maombi ya kazi au ripoti, “I received your letter” inapendeza kuliko “I got your letter”.

Lakini suti haivaliwi kitandani. Anayesema “I obtained a cold” atachekwa, na “I acquired tired” si Kiingereza cha mtu yeyote. Kwa mlango wa hali, wa kutendwa na wa kushawishi, hayo maneno ya Kifaransa hayana msaada mkubwa. Kumkataza mwanafunzi “get” kabisa ni kumnyima kitenzi ambacho Waingereza wenyewe, wasomi kwa wasio wasomi, hawapitishi saa moja ya mazungumzo bila kukitumia. Afadhali afundishwe ni wapi kinafaa.

Yanabaki yale mafungu ambayo hata ukilijua neno huzijui habari zake. Mengine husaidiwa na picha: “get something off your chest” ni kutoa dukuduku, na kifua kilichoelemewa kinaeleweka katika lugha zote mbili. “Get wind of” ni kupata fununu, kama mnyama anayenusa harufu iliyoletwa na upepo. “Get out of hand” ni jambo kumshinda mtu, kumponyoka mkononi. “Get the hang of” ni kuuzoea ufundi mpaka ukashika.

Mengine hayasaidiki. “Get cold feet” ni kuingiwa na woga dakika ya mwisho, kabla ya harusi au kabla ya kutia saini, na ubaridi wa miguu utaupokea jinsi ulivyo. “Get the sack” ni kufukuzwa kazi. Asiyeridhika na lile gunia aeleze kwanza kwa nini sisi mtu akiachishwa kazi tunasema amepigwa kalamu. Nahau za aina hii hujifunzwa nzima nzima, kila moja na mahali ilipokutwa, na aliyezikuta ndani ya mazungumzo huzikumbuka kuliko aliyezikuta kwenye jedwali.

Bingwa wao, kwangu, ni “get someone’s goat”, yaani kumchokoza mtu mpaka akasirike. Ilianza kuonekana Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na kila anayeieleza ana mbuzi wake. Hadithi inayopendwa ni ya mbuzi aliyelazwa karibu na farasi wa mashindano ili kumtuliza, kisha wapinzani wakamwiba usiku na farasi akaharibika mbio. Ni tamu, ila ushahidi haijaupata. Basi asiyeijua nahau hiyo, akimsikia mwenzake analalama “He got my goat”, ana haki kabisa ya kuuliza kama polisi wameshaarifiwa.